Mchicha wa Dobi

Kwa Dobi, nguo zilisuuzwa mara tatu. Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba na haikuwa na mjadala. Maji ya kwanza yalitoa sabuni. Maji ya pili yalitoa uchafu uliojificha kwenye mishono. Maji ya tatu yalitakiwa yawe maangavu, kiasi cha kuona sarafu iliyolala chini ya beseni. Usipoiona, unamwaga na kuanza upya, hata kama mgongo unauma.

Kwa sheria hiyo Dobi alikuwa amejipatia jina. Nyumba ya wageni iliyokuwa jirani ilimletea mashuka yote. Walimu walimletea mashati. Bwana harusi yeyote mwenye akili zake alipeleka suti yake kwa Dobi na si kwingine.

Uani kulikuwa na kamba sita. Siku za jua, mashuka yalijaa kutoka ukuta hadi ukuta, na ukitaka kwenda jikoni ilibidi upenye kati yake. Hapo ndipo Dobi alipokuwa akimkumbuka sana mkewe.

Mkewe alikuwa amefariki miaka minne iliyopita. Zamani walifanya kazi pamoja. Dobi alifua, mke alipiga pasi. Ikikaribia saa sita mke aliacha pasi akaenda jikoni, na kati yao yalibaki mashuka. Dobi hakumwona. Alisikia tu kisu kikigonga ubao, kisha akanusa kitunguu kikikaangwa, kisha akasikia sauti ikitokea nyuma ya mashuka.

"Baba Kibanio, nawa mikono."

Kibanio alikuwa binti yao, mtoto wa pekee. Jina hilo alilipata akiwa mdogo, kwa sababu ya kubana vibanio vya nguo masikioni na kuzunguka navyo uani akisema ni hereni. Wote watatu walikaa chini ya kamba wakala wali, maharage na mchicha. Mchicha wa mama Kibanio ulikuwa wa kijani kibichi, umelainika kidogo tu, na mtu hakuhitaji kubembelezwa. Dobi alikuwa akifuta sahani kwa kidole. Mkewe alimcheka, akasema hiyo sahani sasa haina haja ya kuoshwa.

Siku hizo zilikwisha, kama zinavyokwisha siku zote nzuri, bila kuaga.

Baada ya msiba, Dobi alijifunza kupika akiwa na miaka arobaini na nane. Hakuwa na mtu wa kumfundisha, na aliona aibu kuuliza. Kwa hiyo alipika jinsi alivyojua kufua.

Alinunua mchicha asubuhi. Aliukatakata mdogo mdogo. Aliutia kwenye beseni la jikoni, akamwaga maji, akaufikicha kwa mikono yote miwili. Maji yakawa ya kijani. Dobi akaona huo ni uchafu. Akaukamua mchicha, akamwaga maji, akatia mengine. Yakawa ya kijani tena. Akakamua tena, akamwaga tena. Hakupumzika mpaka maji yalipokuwa maangavu kama ya kunywa. Kisha akauchemsha nusu saa ili uive vizuri, akamwaga na yale maji ya kuchemshia, ndipo akaukaanga.

Ulipofika mezani, ulikuwa na rangi ya soksi kuukuu. Ladha yake siwezi kuisimulia, kwa sababu haikuwepo.

"Mchicha wa siku hizi si kama wa zamani," Dobi alisema. "Wameharibu mbegu."

"Ndiyo, Baba," alisema Kibanio, akala.

Siku nyingine Dobi alilaumu mvua. Siku nyingine alimlaumu muuza mboga. Alilaumu kila mtu isipokuwa beseni. Polepole walianza kuuacha. Mwanzo walikula mchicha kila siku, baadaye mara moja kwa wiki, mwisho ikawa kwa kukumbuka tu. Walishiba wali na maharage, wakashushia chai nyeusi yenye rangi nzito, maana wote wawili walipenda chai.

Mwaka huo Kibanio alikuwa na miaka kumi na saba. Alikuwa kidato cha mwisho, na mtihani ulikuwa umebaki miezi minne. Alitaka kwenda chuo cha ualimu. Mama yake alilitaka hilo kabla yake, na alilisema mara nyingi, kwa hiyo kwa Dobi mtihani huo haukuwa wa mtoto peke yake.

Lakini mtoto alikuwa hasomi. Si kwa uvivu. Alifungua daftari saa kumi na mbili jioni, na saa moja alikuwa amelalia mkono wake. Akipanda ngazi tatu za mlango, moyo ulimwenda mbio. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Dobi, ambaye angeweza kuona doa la chai kwenye shuka kutoka upande wa pili wa uani, hakuliona hilo.

Aliliona siku Kibanio alipokuwa akimsaidia kupiga pasi. Msichana alishika ukingo wa meza, akasema, "Baba, naona giza," akaketi chini taratibu. Pasi ilibaki juu ya shati la mwalimu. Dobi alimkimbilia mtoto. Shati liliungua likatoboka mgongoni, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Dobi kuunguza nguo ya mtu bila kujali.

Kwenye zahanati walimpima damu.

"Damu yake ni tisa," alisema daktari. "Inatakiwa ifike kumi na mbili. Wasichana wa umri huu hupoteza damu kila mwezi, na wasipokula vizuri haijirudishi. Nampa vidonge vya kuongeza damu. Anywe kila siku, asiruke. Na mumpe vyakula vya kujenga damu. Maharage, nyama au dagaa mkipata, na mboga za majani, tena nyingi."

"Mboga za majani tunajua," alisema Dobi. "Mbona tunazila."

"Zileni kila siku," alisema daktari. "Arudi baada ya miezi mitatu tumpime tena. Akizidiwa, mmlete mara moja."

Njiani kurudi Dobi alitembea nyuma ya binti yake. Alimtazama mabega, yalivyokuwa membamba ndani ya sare ya shule. Aliwahi kutembea hivyo nyuma ya mtu mwingine, akitoka naye hospitali, akijiambia kuwa atapona. Aliogopa. Aliogopa vibaya sana.

Kuanzia siku hiyo alinunua mafungu mawili ya mchicha kila asubuhi. Na kwa kuwa sasa lilikuwa jambo la uhai, aliuosha kwa bidii zaidi. Maji matatu yakawa matano. Kibanio alikula bila kusema neno. Kisha alimeza kidonge chake kwa kikombe cha chai nyeusi, kwa sababu kidonge kilikuwa na ladha ya chuma na chai iliifunika.

Wiki tatu zilipita. Msichana bado alilalia daftari.

Mtaani kulikuwa na mhudumu wa afya aliyepita nyumba kwa nyumba. Watu walimwita Mama Mkoba, kwa sababu ya mkoba mkubwa wa kitambaa asioutua hata akialikwa kukaa. Alikuwa rafiki wa marehemu, kwa hiyo alimwita Dobi shemeji. Zahanati ilikuwa imempa majina ya watu wa kuwatembelea, na jina la Kibanio lilikuwamo.

Aliingia uani Jumamosi saa tano asubuhi, akapenya kati ya mashuka mpaka mlango wa jikoni. Alimkuta Dobi amechuchumaa, mikono imezama kwenye beseni.

"Hodi shemeji. Naona kazi imekukolea. Nguo gani hiyo inachuja namna hii?"

"Karibu. Si nguo," alisema Dobi. "Ni mchicha."

Mama Mkoba aliinama. Alitazama beseni, akatazama ndoo ya kando iliyojaa maji ya kijani.

"Na hayo ya kwenye ndoo?"

"Hayo ndiyo ya kwanza. Machafu hayo. Haya ni ya tatu. Bado kidogo tu yatakate."

Kwa mara ya kwanza tangu mtaa umfahamu, Mama Mkoba alitua mkoba wake chini. Akavuta kigoda akakaa.

"Shemeji, nikuulize jambo la kazi yako. Nikikuletea kitenge changu kipya, utakikata vipande kwanza ndipo ukifue?"

Dobi alicheka. "Nikikifanyia hivyo utaniita polisi."

"Utakiloweka kwenye maji ya moto, ukifikiche mpaka rangi yote iishe?"

"Sijaanza kazi jana. Kitenge kipya ni maji baridi, haraka, unakitoa. Ukikiloweka kinachuja. Ukinirudishia siwezi kukirudishia rangi."

"Basi mchicha unaonewa," alisema Mama Mkoba. "Kitenge unakihurumia, mchicha unauchuja."

Dobi alitazama beseni. Mikono yake ilikuwa bado majini.

"Huo ukijani si uchafu," aliendelea Mama Mkoba. "Ni mboga yenyewe. Ukikata jani, umelifungua. Ukilitia majini limekatwa, vitamini zinatoka zinaingia kwenye maji. Ukikamua unazisukuma zitoke zaidi. Halafu unachemsha nusu saa, moto unaua nyingine. Halafu unamwaga maji. Sasa niambie, mtoto anakula nini?"

"Lakini lazima nioshe," alisema Dobi kwa sauti ndogo. "Mboga ina udongo."

"Uoshe, tena sana. Mboga isiyooshwa inaleta minyoo na kuhara. Ila uoshe kabla ya kukata. Majani yakiwa mazima yana ngozi yake, hayachuji. Uyaoshe kwa maji safi, udongo utoke, uyakung'ute. Ndipo ukate, na ukikata upike hapo hapo. Maji kidogo, mafuta kidogo, funika, dakika tano mpaka kumi. Usimwage kitu."

"Na majani ya kunde? Ya maboga?"

"Ni hivyo hivyo, yakiwa machanga. Kisamvu peke yake ndicho habari nyingine. Hicho kina sumu kikiwa kibichi, lazima kitwangwe na kichemshwe muda mrefu. Usije ukasema Mama Mkoba kakwambia ukipike dakika kumi."

Kibanio alikuwa amesimama mlangoni muda wote, kikombe cha chai mkononi. Mama Mkoba alimwona.

"Na wewe mwanangu, kidonge umekunywa?"

"Ndicho hiki nakinywa, shikamoo Mama."

"Marahaba. Unakinywa na chai?"

"Ndiyo. Kinanuka chuma."

"Chai inakizuia kisifanye kazi. Inaizuia hata mboga. Chai kaa nayo mbali na chakula, saa moja hivi kabla au baada, na kahawa ni hivyo hivyo. Kidonge kinywe na maji. Na juu ya mboga ukamulie ndimu au limau, au ule chungwa baada ya chakula. Hivyo vinausaidia mwili kuchukua kile cha kujenga damu. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Mama Mkoba alisimama, akavaa mkoba wake. "Mchicha peke yake hauwezi kuijaza damu iliyokwisha shuka. Vidonge msiache mpaka daktari aseme. Chakula ni kwa ajili ya kuifanya isishuke tena. Na wewe shemeji ule pia, usimkodolee mtoto macho tu."

Alipoondoka, Dobi alimwaga lile beseni. Maji yakishamwagika hayazoleki, na yeye alikuwa amemwaga ya miaka minne. Alichukua fungu la pili la mchicha ambalo lilikuwa bado zima. Akalishika kama mtu aliyeshika kitu cha watu.

"Baba," alisema Kibanio, "lete nikuonyeshe."

Alijaza beseni maji safi. Akashika mashina, akayatumbukiza majani yakiwa mazima, akayatikisa. Udongo ukashuka chini. Akayanyanyua, akabadilisha maji, akayatumbukiza tena. Kisha akayakung'uta mara mbili juu ya bega, matone yakaruka yakaangukia shuka la nyumba ya wageni.

Dobi aliona mkono huo, na jinsi ulivyokung'uta. Aliwahi kukemea kwa ajili ya matone hayo hayo, zamani, akasikia mtu akicheka nyuma ya mashuka.

"Nani kakufundisha hivyo?"

"Mama. Alikuwa anaosha hivi. Mimi ndiye nilikuwa namshikia beseni."

"Ulikuwa unajua." Dobi alikaa kwenye kigoda. "Miaka minne unakula mchicha wangu, na ulikuwa unajua. Mbona hukuniambia?"

Kibanio aliendelea kuchambua mashina magumu. Hakumtazama baba yake.

"Siku ya kwanza ulipopika, tulikuwa tumetoka kumaliza msiba. Ulikaa hapo hapo ulipo, ukawa unaosha na kulia. Unaosha na kulia, Baba. Mimi nilikuwa nataka kukuambia. Nikaona nikisema Mama hakuwa anafanya hivyo, utaacha kabisa. Nikala. Kesho yake nikala tena. Baadaye ikawa vigumu kusema."

Dobi alijifuta uso kwa mkono uliolowa, ikawa haijulikani ni maji gani. Alikuwa akidhani kuwa yeye ndiye aliyembeba mtoto miaka yote hiyo. Kumbe mtoto naye alikuwa amembeba.

"Ulikuwa mbaya sana?" aliuliza.

"Sana, Baba. Ulikuwa kama kula shuka."

Wakacheka. Walicheka mpaka mteja aliyefuata suruali yake akagonga mara tatu hawajasikia.

Siku hiyo walikata kitunguu na nyanya, wakatia mchicha, wakafunika. Dobi alitaka kuacha sufuria nusu saa, mkono ulikuwa umezoea. Kibanio aliifunua ilipofika dakika saba. Mchicha ulikuwa wa kijani. Wakakamulia limau. Dobi aliweka tonge la kwanza mdomoni akaacha kutafuna, kwa sababu jikoni palikuwa pamejaa mtu asiyekuwepo. Halafu akatafuna, akameza, akafuta sahani kwa kidole.

Tangu hapo mboga za majani hazikukosekana. Leo mchicha, kesho majani ya kunde, keshokutwa majani ya maboga. Kibanio alimeza vidonge kwa maji, uso ukikunjamana, na chai aliinywa saa kumi. Mabadiliko hayakuja siku moja. Mwezi wa kwanza alilalia daftari saa mbili badala ya saa moja. Mwezi wa pili alimaliza sura nzima ya kitabu. Siku moja Dobi alimsikia akipanda zile ngazi tatu kwa mruko mmoja, akamkemea asije akavunjika mguu, na moyoni akamshukuru Mungu.

Miezi mitatu ilipotimia walirudi zahanati. Daktari alisoma karatasi.

"Kumi na mbili na nukta mbili," alisema. "Vizuri sana. Endelea na vidonge mpaka nitakapokuambia uache. Chakula ndicho usiache kamwe."

Mtihani Kibanio aliufanya akiwa macho. Alifaulu. Chuo cha ualimu kilimwita kwa barua, na Dobi mwenyewe alimpigia pasi nguo zote za safari, pamoja na zisizopigwa pasi.

Siku ya kwanza baada ya binti kuondoka, Dobi alianua mashuka, akayakunja, akaingia ndani. Ilikuwa saa kumi na mbili jioni. Fungu la mchicha lilikuwa juu ya meza. Alilitazama. Alikuwa amepika miezi yote ile ili mtoto apone. Mtoto alikuwa amepona, akaenda zake. Dobi aliona hakuna haja ya kuwasha jiko kwa ajili ya mtu mmoja. Mkate na chai vingetosha.

Simu iliita.

"Shikamoo Baba. Nimefika salama. Chumba chetu kina dirisha kubwa."

"Marahaba mwanangu. Hongera. Umekula?"

"Nimekula. Na wewe umekula nini?"

Dobi hakuwahi kuwa mwongo mzuri. "Naona leo nitakunywa chai tu. Chakula cha mtu mmoja hakipikiki."

Kisha Kibanio alisema, polepole, "Baba, mimi nina mzazi mmoja tu. Naomba unitunzie."

Dobi aliitikia kwa kichwa, kana kwamba simu ina macho. Akaweka simu juu ya meza bila kuikata, ili binti yake asikie, akaenda kuwasha jiko.